Akidi

Ghorofa ya chini ya Maktaba ya Chuo kuna korido inayoanzia kwenye mashine za fotokopi na kuishia kwenye vyoo vya wafanyakazi. Wanaopita hapo hawajui kwamba kuna kitu kimekosekana. Na wangejuaje? Maktaba ni nyumba ya ukimya, nani atauona ukimya mmoja uliozidi? Lakini ukimya wa kumbi za juu una pumzi ndani yake. Una karatasi zinazogeuzwa, viti vinavyokwaruza sakafu, mtu anayebana kikohozi. Huu wa chini, nyuma ya mlango wa mwisho upande wa kushoto, ni mkavu. Ni ukimya wa mahali ambapo mtu alikuwa akisema kutwa nzima, kisha hakusema tena.

Alikuwa akisoma. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuwasomea wanafunzi na walimu wasioona. Alisoma sheria, alisoma historia, alisoma uchumi na elimu ya udongo, kwa sauti nene isiyokuwa na haraka, na mchana ulipokuwa mzito watu waliopita koridoni waliisikia ikivuma nyuma ya mlango kama mtungi unaojazwa maji.

Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye uso mpana na macho ya kuchekesha. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia tangu utotoni, na fundi viatu mmoja nyuma ya soko alimtengenezea viatu vyenye soli nene upande mmoja. Mguu huo ndio uliompa kazi. Siku aliporipoti, mkutubi na cheti chake mkononi, Mkutubi Mkuu wa wakati ule alimtazama mguu kabla ya kumtazama usoni, akasema, "Huyu mpeni kile chumba cha chini, asihangaike na ngazi." Kwa hiyo alipewa kazi ya maisha yake kwa kuhurumiwa. Alikasirika, akaichukua, akaipenda.

Chumba chenyewe kilikuwa na meza mbili, kinasa sauti, na mashine ya nukta nundu ambayo ikianza kuchapa, vikombe vya ofisi ya jirani hugongana. Kompyuta zinazosoma maandishi zilipokuja, watu walimwambia sasa kazi yako imekwisha, mama, katafute nyingine. Haikwisha. Kompyuta hufika kwenye mchoro ikasema "picha", basi, ikaruka kwenda mbele kama mtu aliyekwepa dimbwi. Yeye hakuruka. Alichukua kadibodi, akabandika uzi juu yake kufuata mstari wa grafu, gundi ikikauka akakishika kidole cha msomaji na kukitembeza taratibu: hapa bei inapanda, hapa imesita, hapa, angalia sana, hapa inaporomoka. Msomaji akitoka pale alikuwa ameuona mporomoko wa bei kwa ncha ya kidole, na wengi walisema hawakuusahau.

Aliyemzoea kuliko wote alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili ya sheria, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyepofuka akiwa tayari ana kazi na nyumba. Wenzake walimwita Wakili ingawa uwakili wenyewe alikuwa bado anautafuta. Huyo alikuwa hamwachi salama.

"Mama, leo umekunywa chai kweli?"

"Kwa nini?"

"Unaisoma sheria ya ardhi kama mtu anayesoma majina ya marehemu."

"Ndivyo ilivyoandikwa, baba. Mlalamikie aliyeitunga."

"Nitamlalamikia. Kwanza nisomee aya ya mwisho tena, na safari hii mtu asife."

Katika miaka yote hiyo alitaka kitu kimoja tu: mtu wa pili. Hakutaka cheo wala ofisi yenye zulia. Akiumwa, mlango ulifungwa. Akienda benki, mlango ulifungwa. Hata akienda msalani ilibidi amwache mtu katikati ya sentensi, kidole kikiwa juu ya uzi. Kila mwaka aliomba msaidizi, na kila mwaka jibu lilirudi lilelile kwamba nafasi hakuna. Nafasi zote za watumishi wa Maktaba ziligawiwa na Kamati ya Maktaba, na Kamati ilikuwa ya maprofesa waliochaguliwa na vitivo vyao. Wakutubi hawakuwa na kiti ndani yake, isipokuwa Mkutubi Mkuu, aliyeruhusiwa kusema lakini si kupiga kura.

Kisha Seneti ya Chuo ikapitisha kanuni mpya. Tangu siku hiyo, kikao chochote cha kamati na jopo lolote la usaili lisingekuwa halali bila ya mwanamke, mtu mwenye ulemavu, na mtu anayetoka katika zile jamii ambazo watu wake Chuoni unaweza kuwakusanya kwenye meza moja ya chai. Na wajumbe hao wangekuwa na kura kama wengine. Ilikuwa kanuni nzuri. Yeye mwenyewe aliisoma kwenye ubao wa matangazo akapiga makofi peke yake, mpaka mlinzi akageuka kumtazama.

Tatizo ni kwamba Chuo hakikuwa na watu hao. Kilikuwa kimekaa miaka bila ya kuwaajiri, na sasa kiliwahitaji wote kwa pamoja, kila Jumatatu, kila kitivo. Wanawake walikuwepo, lakini wenye nafasi ya kukaa vikaoni walikuwa wachache. Wenye ulemavu walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Na wa kwao yeye, watu wa nchi kame ya mbali wanaojulikana zaidi kwa vichekesho vya wengine kuliko kwa majina yao, alikuwa peke yake. Katika mwili mmoja mfupi kanuni yote ilitimia.

Aliyeligundua hilo ni Mwenyekiti wa Kamati ya Maktaba, profesa wa uchumi, mtu mchangamfu mwenye tai safi na kicheko cha kukaribisha. Siku ya kwanza alipomwona akiingia, akihema kwa sababu lifti ya jengo la utawala ilikuwa mbovu kama kawaida, alinyanyua mikono juu.

"Karibu, karibu! Huyu mama si mjumbe, jamani. Huyu ni akidi inayotembea!"

Meza nzima ikacheka, naye akacheka, kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa ya kweli: akidi ni ile idadi ya watu ambayo bila yao kikao si kikao. Jina likamganda. Kufika mwisho wa wiki hata walinzi wa geti walikuwa wakimwamkia, "Shikamoo, mama Akidi."

Nyumbani aliishi na mdogo wake, muuguzi wa zamu, mwenye ulimi mkali na moyo usiolala. Jioni moja mdogo mtu alikuwa akipiga pasi sare yake juu ya meza ya chakula, Akidi ameloweka mguu kwenye beseni.

"Leo umekaa vikao vingapi?"

"Viwili. Cha madereva na cha walimu wa kemia."

"Wewe na kemia wapi na wapi?"

"Sheria inataka niwepo."

"Dada, nikwambie ukweli? Hao hawakuiti wewe. Wanauita mguu."

"Acha maneno yako."

"Mguu, sketi na kabila. Ungeweza kubaki umelala hapa, ukavipakia hivyo vitatu kwenye teksi, na kikao kikaenda vizuri tu."

Akidi alicheka mpaka maji yakamwagika. Lakini alipoyakausha alisema jambo ambalo alikuwa akilifikiri siku zote. Alisema nafasi za kazi zinagawiwa mle. Asiyekuwemo hagawiwi. Kama ni mguu ndio uliofungua mlango, basi na uingie mguu, na yeye mwenyewe ataingia nyuma yake.

"Haya," mdogo wake akasema, akigeuza shati. "Ila angalia usiingie ukafungiwa."

Kwenye majopo ya usaili walimpa swali la mwisho, lilelile kila siku: je, utafanyaje kazi na watu wasiofanana nawe? Wakati wa swali hilo wenzake walianza kukusanya karatasi zao. Dereva mmoja alimjibu, "Mimi, mama, abiria wote nawapakia sawa, mradi wafunge mikanda," na hilo ndilo jibu la maana kuliko yote aliyowahi kupewa. Mara moja tu alipigana. Alikuja binti kutoka kwao kuomba kazi ya muda kwenye kaunta ya kuazimia vitabu, na mjumbe mmoja akanong'ona kwamba lafudhi yake nzito, wasomaji hawatamwelewa. Akidi aliweka kalamu chini. "Lafudhi haiazimishi vitabu," akasema. "Mimi ninayo hiyohiyo, na mnanielewa nikikataa." Binti akapata kazi. Siku alipoanza, Akidi alipita mbele ya kaunta mara tatu bila ya kuwa na haja yoyote, kumwangalia tu amekaa pale.

Wakati huo wote mlango wa mwisho wa korido ulikuwa ukifungwa. Alitengeneza kadi mbili zinazosema yuko kikaoni na atarudi, moja ya wino na moja ya nukta nundu, kwa sababu walioweza kuisoma ile ya kwanza hawakuwa na shida na chumba. Wasomaji walikaa kwenye benchi nje. Mwanzoni walisubiri, wakapiga soga. Kisha wakawa wanakuja, wanapapasa kadi, wanaondoka. Wengine hawakuja tena.

"Mama," Wakili alimwambia, "ile kadi yako nimeisoma mpaka nukta zimelala."

"Nivumilie. Nakutafutia mtu wa pili."

"Wa kwanza mwenyewe simpati, unanitafutia wa pili?"

Yeye alipiga moyo konde. Alijua jambo linakuja. Na kweli, kwenye kikao cha Kamati, Mwenyekiti alileta hoja: tangu sasa watumishi wa Maktaba wagawiwe kwa kufuata matumizi. Kila mlango wa huduma utawekewa kifaa cha kuhesabu wanaoingia, kwa muhula mmoja, na penye watu wengi patapewa watu, penye wachache patapunguzwa. "Hakuna upendeleo wala kujuana," akasema. "Milango yenyewe itasema. Nani anaunga mkono?"

Mkono wake ulikuwa wa kwanza hewani. Mkutubi Mkuu, mzee aliyebakiza kidogo kustaafu na aliyezoea kuona mambo yakipita, alimgusa kiwiko chini ya meza. Hakujali. Mbele ya macho yake aliliona benchi lile limejaa watu, akawaona wakiingia mmoja mmoja, na kifaa kikiwahesabu. Kwa mara ya kwanza atakuwa na shahidi asiyechoka. Kumbukumbu za kikao ziliandika kwamba hoja ilitolewa na Mwenyekiti na kuungwa mkono na mjumbe wa Maktaba.

Kilichofuata kingeweza kuonwa na yeyote aliyekuwa tayari kukiona, na yeye hakuwa tayari. Muhula uliochaguliwa wa kuhesabu ulikuwa uleule ambao Chuo kilitangaza nafasi za kazi kwa wingi. Kila jopo lilimtaka. Aliitwa kwa watunza bustani, kwa wahasibu, kwa wahadhiri wa jiografia. Alipanda ngazi za jengo la utawala akishika ukuta, akashuka akishika ukuta, na chini kwenye korido kifaa kidogo cheusi kilikaa juu ya kizingiti cha mlango uliofungwa, kikihesabu hakuna.

Alimwendea Mkutubi Mkuu.

"Mzee, nitoe kwenye majopo muhula huu tu. Nakuomba."

"Mama, ukikosekana, usaili unabatilika. Watu wamepanda mabasi usiku kucha kuja kuomba kazi, niwarudishe?"

"Basi nipe mtu anishikie mlango."

Akampa mhudumu mmoja wa rafu, mtu mwema, aliyesoma kwa kusitasita na kuliogopa kila neno refu. Wasomaji walimvumilia kwa adabu. Baada ya siku chache kaunta ikazidiwa, mhudumu akarudishwa kaunta.

Taarifa ililetwa wiki ya mwisho ya muhula. Walikaa kwenye chumba kilekile cha mikutano, chenye meza ndefu na chupa za maji ambazo hakuna aliyezifungua. Maprofesa kadhaa walikuwa na udhuru, kama ilivyokuwa desturi yao muhula ukielekea ukingoni. Mwenyekiti alisoma kwa sauti ya upole. Kaunta ya kuazimia, matumizi makubwa. Ukumbi wa kompyuta, matumizi makubwa. Chumba cha wasioona, matumizi hafifu mno. Taarifa ilipendekeza chumba kifungwe, wasomaji wake waelekezwe kwenye kompyuta zinazosoma, na fungu la fedha la chumba hicho lihamishiwe kaunta, lithibitishe ajira ya watumishi wa muda watatu.

"Profesa," akasema Akidi. Alishangaa sauti yake ilivyokuwa ndogo. "Mlango ule ulikuwa umefungwa."

"Ndiyo, tumeona."

"Ulifungwa kwa sababu nilikuwa hapa. Nilikuwa na ninyi. Wewe mwenyewe uliniita mara ngapi?"

"Hilo ninalijua, mama, na Chuo kinakushukuru sana kwa moyo wako." Alisema kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya asishikike. "Lakini Kamati haiwezi kuhesabu watu ambao wangeingia. Inahesabu walioingia."

"Basi tuhesabu upya muhula ujao."

"Utaratibu ulipitishwa hapa. Nadhani wewe ndiye uliyeunga mkono."

Mjumbe mmoja alitazama saa yake. Mwingine, profesa wa historia aliyewahi kumletea mwanafunzi asiyeona na kumsifu kwa kazi yake, alikuwa akichora visanduku pembeni mwa karatasi. Akidi alimtazama huyo kwa muda mrefu, akingoja anyanyue uso. Hakuunyanyua.

Ndipo alipoizungusha macho meza yote, na viti vilivyo wazi, na jambo likamjia taratibu kama ganzi inayotoka mguuni. Kikao chote hiki kinasimama juu yake. Akiondoka, mezani hapana mwenye ulemavu, hapana mtu wa kwao. Hapana kikao. Jina walilompa kwa utani lina meno.

Akachukua mkoba wake, akasimama.

"Mama, bado hatujapiga kura," akasema Mwenyekiti.

"Najua."

Akatoka. Mlango ulijifunga nyuma yake, naye akasimama koridoni. Alijisikia mwepesi. Ilikuwa furaha, furaha kamili, na iliishi kwa muda wa mtu kutoka kwenye kiti chake na kumfuata.

Aliyemfuata alikuwa Mkutubi Mkuu.

"Umefanya kweli," akasema mzee. Hakuonekana kukasirika. "Kikao kimevunjika."

"Kivunjike."

"Sawa. Lakini ujue kilichomo. Mikataba ya wale watumishi wa muda inakwisha Ijumaa. Isipothibitishwa leo, hakuna kikao kingine mpaka baada ya likizo. Wataondoka."

Akidi aligeuka kuutazama mlango.

"Yule binti wenu yumo," mzee akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi.

"Zitenganisheni hoja. Pitisheni mikataba yao kwanza, mimi nitakaa. Halafu ya chumba, niondoke."

"Watalipwa na nini? Fungu lenyewe ni hilo la chumba chako. Hakuna jingine. Nimelitafuta, mama, Mungu shahidi, nimelitafuta."

"Kwa hiyo unaniambia nichague."

"Mimi sikwambii kitu. Nakwambia ilivyo."

Koridoni palikuwa na dirisha, akaliendea. Hakuona lolote la kumsaidia. Aliona paa la karakana, matanki ya maji, mwanamke anayeanika matambara ya kupigia deki. Alimfikiria binti akirudi kwao na begi lake, na watu wa kule wakisema tuliwaambia, Chuo si cha watu kama sisi. Akamfikiria Wakili na tasnifu yake iliyofika nusu. Aliwapima, akawapima tena, na kila alipopima alijiona akifanya jambo la aibu, kwa kuwa nani alimpa mizani? Ndani mle walikuwepo watu wenye vyeo na kalamu, wenye vitivo vizima nyuma yao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akipima chochote. Walikuwa wakingoja tu arudi au asirudi.

Alirudi. Aliketi kwenye kiti kilekile, ambacho bado kilikuwa na joto lake.

"Ahsante, mama," akasema Mwenyekiti. "Akidi imetimia. Tuendelee."

Mikono ikanyanyuliwa. Wake ulinyanyuliwa peke yake, upande wa wanaopinga.

"Naomba iandikwe kwamba mjumbe mmoja amepinga."

"Imeandikwa."

Binti wa kaunta alimkuta siku ya pili kwenye mashine za fotokopi, akamshika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. "Mama, wamenithibitisha! Nimempigia baba simu, hakuamini. Mungu akuzidishie." Alikuwa hajui chochote, na Akidi alimpongeza, akamwambia sasa anunue viatu vizuri, kazi ya kusimama inataka viatu. Wiki mbili baadaye binti alikuwa ameshajua. Tangu hapo, akimwona kwa mbali, aliinama chini ya kaunta kutafuta kitu ambacho hakijapotea.

Wakili alikuja siku ya kuhamisha vitu. Akidi alikuwa akizipanga zile grafu za kadibodi kwenye sanduku, asijue anampelekea nani.

"Nimesikia ulitoka nje," akasema, akiwa bado amesimama mlangoni.

"Nilitoka."

"Kikao kikavunjika."

"Kikavunjika."

"Halafu?"

"Nikarudi."

Wakili alitafuta kiti kwa mkono, akakikosa, kwa kuwa viti vilikuwa vimeshatolewa. Akabaki amesimama.

"Ungetupa angalau muhula mmoja, mama. Mmoja. Ningemaliza."

Akidi akamweleza habari za binti. Alimweleza yote, baba yake, lafudhi, Ijumaa. Alitaka sana aelewe, kuliko alivyowahi kutaka mtu aelewe grafu.

"Yeye ana macho," akasema Wakili. "Angepata kazi nyingine."

Huenda halikuwa neno la haki. Huenda hata yeye alilijua hivyo mara tu lilipomtoka, maana alifungua mdomo kama anayetaka kulirudisha. Lakini hakulirudisha. Walisimama na neno hilo kati yao, watu wawili waliowahi kucheka sana ndani ya chumba kile, mpaka Wakili akageuka na fimbo yake, akaenda zake. Hakwenda kwenye kompyuta. Mkewe humsomea jioni akisha kuosha vyombo, mwanamke asiyejua msamiati wa sheria, na muhula ule Wakili hakumaliza tasnifu, wala uliofuata.

Chumba kimejazwa viti vya mahafali, vimepandishwa kimoja juu ya kingine hadi darini.

Yeye walimweka kaunta kwa muda, na majopo yakaendelea kumwita. Alikwenda, akauliza swali lake la mwisho, akarudi. Nyumbani hakusimulia tena. Mdogo wake alijaribu kumchokoza, habari za kemia, habari za madereva, na Akidi alijibu kwa adabu kama anayejibu mgeni, ndipo mdogo mtu alipoogopa. Jioni moja alimsogezea beseni la maji ya moto, akapiga magoti kumvua kiatu mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dada, waambie hutaki tena."

"Nikisema sitaki, watakosa mtu."

"Si wakose!"

"Wakikosa, hawataajiri. Na watakaokosa kuajiriwa ni nani, wewe unafikiri?"

Muuguzi aliushika ule mguu mikononi, akauingiza majini. Mlango dada yake alikuwa ameupata, Chuo kikamfungia ndani yake, na hata yeye muuguzi mwenye ulimi hakuuona upande wa kutokea.

Mwaka uliofuata Chuo kiliajiri mwanamke mwingine mwenye ulemavu, mtakwimu, na baadaye mhadhiri kutoka kwao, na majopo yakaacha kumwita. Hakuna aliyemwambia rasmi. Simu haikulia tu. Akaomba apelekwe mahali pasipo na watu wengi, na ombi lake likakubaliwa bila ya maswali, la kwanza kukubaliwa katika miaka yote ile.

Sasa yuko kwenye bohari ya Maktaba nje ya mji, nyuma ya kiwanda cha matofali, ambako huhifadhiwa vitabu visivyoazimwa. Anavipangusa, anavifunga kamba, anaviweka kwenye maboksi. Bado miaka minne astaafu.